Hatua Thelathini za Mugoma

Siku ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe, nikamkabidhi Mkurugenzi wa Maendeleo wa Wilaya diploma yangu. Kilima chetu kizima cha Ngara hakikuwa na nyingine. Sikusomeshwa na mjomba. Karo niliilipa kwa kufyatua matofali.

"Halmashauri zimefutwa," akasema. "Sasa wilaya inaongozwa moja kwa moja kutoka Dar es Salaam. Wewe pima, andika, subiri."

Kazi yangu ilikuwa kupima vijiji vipya vya ujamaa: kuvuta kamba na kupigilia vigingi mahali pa nyumba, kwa kufuata ramani iliyochorwa Dar es Salaam. Mstari wangu ulinyooka kuliko wa mtu yeyote mkoani.

Katika kijiji cha Mugoma mstari huo ulipita katikati ya migomba ya Bibi Veronika, mjane.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Aliyechora mstari huu amewahi kufika hapa?"

"Hajafika."

"Basi amejuaje?"

Swali hilo lilinishika. Nikamfuata shambani. Alinionyesha samadi, majivu na maganda yaliyolisha kila shina, na shina alilopanda siku aliyoolewa.

"Sogeza hatua thelathini tu," akasema. "Kule ni majani matupu."

Nilipima, alisema kweli. Lakini ramani ilikuwa na muhuri. Nikaandika dokezo, yaani maandishi ya kumwomba mkubwa uamuzi. Lilipanda mkoani, likapanda makao makuu. Siku ya kuhamia ikafika kabla ya jibu. Migomba ikafyekwa.

Miezi baadaye idhini ilikuja. Niliipeleka mwenyewe kwa baiskeli, nikamsomea Bibi Veronika mlangoni pa nyumba yake mpya.

"Karatasi nzuri," akasema. "Inapandwa wapi?"

Niliporudi ofisini, nilimkuta Mkurugenzi mpya, aliyehamia kutoka Biharamulo. Alisoma jalada lote akacheka kwa mshangao.

"Bwana Diploma, hatua thelathini? Ungesogeza vigingi ukanywa maji. Nani angetoka Dar es Salaam kuja kuzipima?"

Nikalichukua jalada, nikalirudisha kabatini.

Nimestaafu nikiwa na barua nne za pongezi, na mstari wangu bado umenyooka pale Mugoma. Vijana wa ofisini huja kuniuliza namna ya kuandika dokezo zuri. Nawafundisha, maana hakuna anayelijua kunizidi. Kwanza, hata hivyo, nawauliza kama wameshakwenda kuona shamba, na kama jambo lenyewe linahitaji karatasi.