Sombe Katika Wimbo wa Wachina

Papa Onésime anapanga makartoni kwenye ghala moja la Anderlecht, hapa Brussels, lakini ukimuuliza kazi yake atakujibu kwamba anatafsiri nyimbo za michezo ya kuigiza ya kale ya Wachina. Alienda China kwa bourse ya masomo, kusomea madini. Madini hayakumshika, zilimshika nyimbo za bibi mmoja aliyepika jikoni mwa wanafunzi. Miaka kumi na moja sasa anahangaika na mchezo mmoja tu, wa binti wa jaji anayemngoja mchumba wake. Mwisho kikundi chetu cha Wakongo wa parokia kikakubali kuucheza Jumamosi hii, na mimi nikapewa kumwimba yule binti.

"Wachina wa zamani walikuwa wanachanganya," alitueleza. "Kinywa kimoja, maneno ya ikulu na maneno ya soko. Tajiri alie, na muuza mboga alie, pahali pamoja."

Ndiyo sababu binti anaimba hivi:

*Mwezi umefifia, machozi yameloanisha hariri,
nami sombe yangu inaungua motoni.*

Kwa Wachina yalikuwa majani ya kabichi. Yeye akaweka sombe yetu, majani ya muhogo.

Lakini kwetu hakuna wimbo unaopita bila komite kuusoma, hata wa siku ya kuzaliwa. Maman Rolande, présidente, akashika kalamu nyekundu. Jana kwenye mazoezi karatasi ilirudi imeandikwa: *nami chakula changu kimeharibika.*

Nikaimba vile ilivyoandikwa. Nyuma, maman wawili walikuwa wanaangalia telefone zao. Mtoto wangu Graciella akasinzia mgongoni.

"Sombe iko wapi?" Papa Onésime akauliza.

"Papa, mutoto wa jaji hapikake sombe," Maman Rolande akajibu. "Tutaonekana batu ya ovyo."

Ghislain, katibu wetu, akaingilia. "Alors, tumupe mutumishi wa binti ile mustari. Binti aseme ya ikulu, mutumishi aseme ya soko. Kila mutu na yake."

"Ghislain! Kinywa kimoja! Nimesema mara ngapi?" Papa Onésime alikuwa ameshakusanya karatasi zake. "Natoa mchezo wangu. Jumamosi muimbe zenu za kila siku. Miaka kumi na moja nimeubeba wimbo huu kama taa, nikiukinga na upepo kwa viganja vyangu, na ninyi munaukoroga-koroga sawa bugali ya mugonjwa!"

Wale maman wawili wakaacha telefone. Mmoja akacheka. Mwenzake akasema, "Masikini papa."

Alikuwa ameshafika mlangoni.

"Maman Rolande," nikasema polepole, nisimwamshe mtoto, "munasikia? Vile anasema sasa, njo wimbo yenyewe. Taa na bugali, kinywa kimoja. Na wote wamemusikiliza."

Maman Rolande akaivuta karatasi yangu. Kisha akafungua kalamu yake.

"Bon. Sombe irudi. Lakini iwe sombe ya mawese. Bila mawese, acha iungue tu."

"Unaona?" Papa Onésime akaniambia, akirudi kuketi, mkono kichwani. "Hata sasa anasahihisha!"

Lakini mawese, Papa Onésime mwenyewe aliyaandika.