Mkutano wa Kuondoa Moshi

Miaka ile ya soko huria kila kitu kilikuwa ruksa, na mimi nilikuwa karani mchapaji katika ofisi ndogo mjini Mwanza iliyoshughulika na magari. Katika makaratasi yote niliyochapa pale, niliipenda sheria ndogo moja tu. Gari la biashara lilipaswa kupimwa moshi kabla ya kupewa ruhusa ya kutembea. Mashine ya kupimia hatukuwa nayo. Mkaguzi alishika kitambaa cheupe kwa koleo nyuma ya bomba la moshi, dereva akakanyaga mafuta, mkaguzi akahesabu moja mpaka kumi kwa sauti. Kitambaa kikitoka cheusi, gari linarudi gereji. Tulivifua vitambaa na kuvianika nyuma ya ofisi, ndiyo maana madereva walituita madobi.

Waliocheka hawakujua kwamba vitambaa vile vilipindwa kingo na mama yangu. Alikuwa akishona sare za shule barazani kwetu Igogo, cherehani ikiwa hatua chache kutoka mahali ambapo malori yanapunguza gia ili kupanda kilima. Alikuwa na pumu. Tangu mipaka ilipofunguliwa na magari yaliyochoka huko yalikotoka kuanza kumiminika kwetu, nilikuwa nikimkuta ameacha kushona, ameshika gurudumu la cherehani kwa mikono miwili, anasubiri pumzi irudi. Mashati meupe aliyoyatundika asubuhi, adhuhuri yalikuwa yamekwisha kuingia masizi. Alipokuwa akitupindia vile vitambaa hakutaka mzaha. "Hivi ndivyo vinavyonilinda," aliniambia.

Na kweli vilimlinda. Malori mabovu kabisa yalikuwa yakilala gereji Nyakato hata wiki tatu yakisubiri vipuri. Wenye malori wakachoka kusubiri. Wakaandika pendekezo kwamba sharti la kupima moshi lifutwe kwa sababu linakwamisha biashara, minofu ya sangara inachelewa, abiria wanakwama stendi ya Buzuruga. Utaratibu ulitaka wananchi waitwe watoe maoni.

Mkuu wangu wa kazi aliniletea tangazo nilichape kwenye stensili. Kichwa chake kilikuwa hivi: Mkutano wa Kujadili Pendekezo la Kuondoa Sharti la Ukaguzi wa Moshi wa Magari. Akasema kwa herufi kubwa hakitaenea, nikipunguze kikae mstari mmoja. Nilikuwa fundi wa kupunguza maneno, na nilijivunia jambo hilo kijinga kabisa. Nikafuta hapa, nikafuta pale, kikabaki: MKUTANO WA KUONDOA MOSHI WA MAGARI. Kilikaa katikati ya karatasi, kimenyooka vizuri. Mkuu akakisoma, akanitazama, akatabasamu. Nikadhani anasifu kazi yangu.

Jumamosi asubuhi ukumbi wa shule ulifurika. Nilishangaa, maana mikutano yetu ya kawaida ilihudhuriwa na watu kumi na mbuzi wawili. Walikuja mama lishe, wauza vitambaa, wazee, wanawake wenye watoto mgongoni. Mama yangu alikuja na kitenge chake cha kanisani, akakaa mstari wa mbele. Mimi nilikuwa mezani nikiandika muhtasari.

Mwenyekiti, mtu mwenye malori mawili yake mwenyewe, hakusoma pendekezo. Alisema muda ni mfupi, kila mtu ameona tangazo, basi atoe maoni. Mama yangu akasimama wa kwanza.

"Shikamooni wakubwa," alisema. "Mimi nashona hapo Igogo kando ya balabala. Kifua kinanibana kila siku. Leo nashukuru sana selikali imetukumbuka kutuondolea huu moshi."

Ukumbi ukapiga makofi. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nikamwinamia mwenyekiti sikioni: "Mzee, hawa hawajaelewa. Wanadhani moshi ndio unaondolewa, kumbe ni kupima."

Hata hakugeuka. "Wewe andika unachosikia," akasema, kisha akainua sauti: "Wanaokubali kuondoa moshi, mikono juu!"

Mikono yote ikapanda. Mama yangu aliinua yote miwili.

Mpaka leo ninakasirika nikikumbuka dakika ile, na sijui nimkasirikie nani zaidi. Yule mtu alijua. Mkuu wangu alijua. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na sauti, nimesimama hatua nne kutoka kwa mama yangu mzazi, na ningeweza kusema maneno matatu tu: mama, teremsha mikono. Niliogopa kazi yangu. Nikakaa, nikaandika kwa mwandiko mzuri: wananchi wote waliafiki pendekezo.

Kabla mwezi haujaisha, koleo liliwekwa kabatini na mkaguzi akahamishiwa dawati jingine. Malori yote yaliyokuwa Nyakato yakatoka na ubovu wake. Mkuu akasema vitambaa vilivyobaki tugawane. Wenzangu wakachukua vya kufutia viatu. Mimi nilichukua vinne nikavipeleka nyumbani, nikaviweka mezani.

Mama aliuliza mbona wamerudisha. Nikasema havihitajiki tena. Akafurahi! Akadhani kazi imekwisha, moshi umeshindwa. Kisha lori likapanda kilima mbele yetu, na barabara yote ikapotea kwa muda. Akakohoa mpaka akashika gurudumu la cherehani. Alipopata pumzi alichukua kitambaa kimoja, akakikunja pembe, akajifunga puani na mdomoni, akaendelea kushona.

Tangu siku hiyo alishona amejifunga hivyo. Jioni mimi ndiye niliyekuwa nikivifua, nyuma ya nyumba, kama tulivyokuwa tukifanya ofisini. Kilichokuwa mdomoni kwake kutwa nzima kilitoka na duara jeusi katikati. Nilikuwa nimekwisha kuona maelfu ya maduara kama hilo, na kila lilipoonekana mkaguzi alisema neno moja tu: rudisha.

Swali lake halikubadilika. Aliniuliza kila nilipotoka kazini, kwa upole, kwa kuwa alikuwa na mtoto ofisini na aliamini ofisi zinachelewa lakini zinafika.

"Baba, ule moshi tulionyoosha mikono, mtauondoa lini?"

"Wanashughulikia, mama," nilijibu, nikanyoosha mkono anipe kitambaa nikakifue.