Jiwe la Kusagia la Mama

Rumiya hakufundishwa kusoma. Kule Yemeni alikozaliwa, herufi takatifu zilikuwa za wavulana. Wasichana walipewa mtungi na jiwe la kusagia. Sasa ni mzee, mkazi wa Rosh Haayin, mji wa Israeli, mpishi mstaafu wa shule ya chekechea, na kitabu cha sala bado hukibusu bila kukifungua. Lakini nyimbo alizotunga mama yake anazo zote kifuani, kwa Kiarabu cha wanawake, na humo hakuna anayemzidi.

Mwaka huu aliapa kwamba kwenye kumbukumbu ya kifo cha mama wimbo mmoja utasikika mezani, mbele ya wanaume, si jikoni. Mdogo wake Pinhas, mfafanuzi wa mashairi pale sinagogi, alikataa katakata. Rumiya alipotishia kutopika, akakubali nusu: wimbo usemwe, usiimbwe, kwa kuwa mwanamke haimbi mbele ya wanaume, na maana yake aieleze yeye Pinhas.

Basi usiku wa kumbukumbu, karanga zilipozungushwa mezani, Rumiya akasema:

Ewe jiwe, umekula usiku wangu,
na aliyelala hajui unga watoka wapi.

Pinhas alipapasa ndevu, akaeleza kwamba jiwe ni uhamisho wa taifa la Israeli, na aliyelala ni Masihi anayengoja kuamshwa. Wanaume wakaitikia kwa raha. Maelezo yalikuwa mazuri kweli, na hapo ndipo hasira ilipompanda Rumiya, kwani mama alikuwa anatolewa ndani ya wimbo wake mwenyewe, tena kwa adabu.

"Mdogo wangu, umesoma mpaka umepitiliza," akasema. "Jiwe ni jiwe. Lilikuwa pale karibu na mlango. Na aliyelala ni baba."

"Na alikuwa akikoroma," akadakia mama mdogo Shama kutoka jikoni. Wanawake wakaangua kicheko.

"Dada, unamwaibisha baba mbele za watu."

"Simwaibishi. Alisoma, akala mkate, akalala. Lakini mkate ule ulikuwa na mwenyewe. Ukimgeuza mama kuwa taifa zima, mikono yake ataikumbuka nani?"

Rumiya akavuta sinia ya shaba, akaigonga na kuimba, jambo lile lile alilokatazwa. Wanawake wakatoka jikoni wakiitikia. Wanaume wawili waliinuka wakaenda zao.

Pinhas hakuinuka. Ni yeye aliyekuwa akifungwa mgongoni mwa mama, utotoni, mama akisaga, na wimbo ule aliujua wote.