Mstari Ulionyooka Juu ya Maji

Nilimwahidi mama mkubwa kwamba safari hii tutahesabiwa pamoja na maji yetu. Alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake, katika kitongoji cha ufukweni mwa ziwa, mbele kidogo ya Ikombe, akikanda udongo wa vyungu, nami nimesimama na kishikwambi nilichokabidhiwa kazini. Hakutaka kujibu maswali. Alisema wameshaulizwa mno, na kila anayeuliza huondoka na mtumbwi uleule uliomleta. Nikamweleza kwamba utafiti huu ni tofauti: unapima maendeleo endelevu ya nchi nyingi kwa kipimo kimoja, na nchi iliyobaki nyuma katika afya ya uzazi haitapata pa kujificha.

"Mama, nitahakikisha inaonekana kwamba huku kwenda kujifungua ni kupiga makasia."

Akanitazama, akafuta mikono kwa kanga kuukuu, akanisogezea kigoda.

Alikuwa na sababu ya kunikubalia. Binti yake, ambaye kwetu ni dada yangu, alikuwa na mimba ya pili. Mtoto wa kwanza alizaliwa mtumbwini, katikati ya ziwa, bibi mmoja akimpokea na wanaume wawili wakipiga makasia bila kugeuza shingo, kwa heshima. Wote walitoka salama. Tangu siku hiyo mama mkubwa hakuiomba serikali kitu kingine ila zahanati, hata ya chumba kimoja, pale pale ufukweni, kabla ya mimba nyingine. Sasa mimba nyingine ilikuwa imefika.

Niliuliza maswali yote. La umbali wa kwenda kituo cha afya halikuwamo. Kishikwambi kilinasa mahali tulipo kwa setilaiti, na kompyuta huko mbali ingechora mstari ulionyooka kutoka nyumba ile hadi kituo kilicho jirani. Kituo hicho kiko ng'ambo ya ghuba. Siku ya shwari unaliona bati lake likimeta. Kwa upande wa nchi kavu milima imeshuka wima hadi majini, na njia iliyopo ni ya mbuzi na ya wenye magoti mapya, si ya mwanamke mwenye uchungu. Mwera, ule upepo mkali wa ziwani, ukivuma, habari ya umbali inakwisha: hakuna kuvuka. Jirani aliyekuwa akianika usipa, dagaa wa ziwa letu, alinisikiliza nikieleza habari ya setilaiti, kisha akasema, "Basi ipe hiyo simu yako kasia, tuone itafika lini." Watu wakacheka. Nikacheka nao, nikiwa na hakika kwamba jambo lililo wazi kiasi kile halitamshinda mtu yeyote kulielewa.

Halikumshinda mtu kulielewa. Mratibu wetu alipokuja Kyela mjini kupokea kazi, tulikutana katika ukumbi wa nyumba ya wageni, bajaji zikipiga honi nje, nami nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, sitamnyima haki hiyo. Akasema sikuwa wa kwanza kulileta.

"Kijana wangu, tukiuingiza mtumbwi wenu, lazima tuingize na ngamia wa wenzenu na theluji ya wengine. Kila nchi ikija na kipimo chake, tutalinganisha nini?"

Nilijibu kwamba hata sasa tunalinganisha safari ambayo hakuna aliyewahi kuisafiri. Akatabasamu kwa uchovu, akaniagiza niliandike katika sehemu ya maoni. Nikaandika, kwa urefu na kwa uangalifu, kama nilivyofundishwa chuoni.

Ramani ilipotoka, kitongoji chetu kilipakwa kijani, rangi ya waliofikiwa na huduma. Ni kijani kile kile cha vijiji vya tambarare upande wa Malawi, ambako baba yangu alikuwa akipeleka mchele, na ambako mjamzito hupakiwa kwenye baiskeli akashushwa mlangoni pa zahanati. Nchi mbili zikawa zimefanana. Maoni yangu hayakupewa rangi.

Sipingi kulinganisha. Nilisomea takwimu kwa sababu niliamini, na bado naamini, kwamba maskini asiyehesabiwa hudhulumiwa mara mbili, na kwamba nchi inayojilinganisha na nafsi yake tu haiachi kujisifu. Ninachoshindwa kuvumilia ni kwamba tulichagua mstari kwa kuwa ni rahisi kuuchora kila mahali, kisha tukauita umbali, na baada ya kuuita hivyo tukauamini. Tungeweza kupima muda anaotumia mama kufika. Muda nao hulinganishika. Ila kuupima kunataka kumuuliza mtu, na kumuuliza mtu ni kazi.

Uongozi wa kijiji ulipopeleka tena ombi la zahanati, ulijibiwa kwa adabu kwamba huduma iko jirani. Ramani iliambatanishwa, ile ile niliyoitolea jasho.

Nilivuka kwenda kumwambia mama mkubwa mwenyewe. Hakupandisha sauti.

"Wewe uliandika nini?"

"Niliandika ukweli, mama."

"Uliuandika wapi?"

"Kwenye maoni."

"Anayasoma nani?"

Nikamwambia sijui; simuongopei mama. Akaniambia ndaga, kama tunavyomshukuru mgeni hata aliyekuja mikono mitupu, akaingia ndani kumfungia dada nguo za safari.

Dada sasa yuko Kyela mjini, katika chumba cha kupanga, anasubiri siku yake jirani na hospitali. Mwanawe amebaki ufukweni. Ni kiangazi, majira ya kuchoma vyungu, na dada anashinda kitandani mikono haina udongo. Huwa napita jioni. Huzungumza habari nyingine kabisa, bei ya kakao, mvua, jambo lolote lisilonihusu, na upole huo ndio unaonirudisha mezani kumwandikia mratibu barua nyingine. Hadi leo amenijibu tu kwamba suala limepokelewa.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma: ukipewa ramani au jedwali linalopanga nchi kwa maendeleo, kabla hujalitumia darasani au ofisini, waandikie waliolitengeneza uwaulize umbali waliupimaje. Mimi nimeuliza peke yangu, na haikutosha.