Nilivyompa binti yangu nafasi ya pili katika darasa la mwanafunzi mmoja

Wakuu, habari za majukumu.

Nianze na swali ambalo mpaka leo sina jibu lake: mtu mzima, mwenye digrii na akili timamu, anawezaje kumpa mtoto nafasi ya pili katika darasa ambalo yumo peke yake?

Mtu huyo ni mimi. Ninayoyaeleza yalitokea sebuleni kwangu, New Hope, Minnesota, huku Marekani, na shahidi ni mke wangu, ambaye hatanisamehe nikipunguza hata neno.

Binti yetu Salma ana miaka kumi na miwili. Alikuwa mtoto wa maswali. Mama yake alifikia kujifungia bafuni ili apumzishe masikio. Alipoingia middle school, shule ya kati baada ya msingi, akanyamaza. Tukaenda kumwona mwalimu wake, akatuambia kwa tabasamu kwamba Salma hana tatizo lolote, hasumbui mtu.

Yaani kimya chake kwao kilikuwa sifa.

Tukaamua kumfanyia homeschool, yaani tumfundishe wenyewe nyumbani, ili maswali yarudi. Hilo ndilo lilikuwa lengo, wakuu. Naomba mlikumbuke, kwa sababu mimi nililisahau ndani ya wiki mbili.

Kwanza tulitafuta mtaala. Tulianza na wa kompyuta: kindi wa katuni mwenye miwani anampongeza mtoto hata akikosea. Salma akakosea makusudi mara tano ili aone kama kindi atakasirika. Hakukasirika. Tukamfukuza kazi.

Wa pili ulikuja kwenye boksi, umeandikwa kwa ajili ya familia zenye mashamba. Somo la kwanza: mwende bandani na babu, mkamtazame farasi. Sisi tunaishi apartment ghorofa ya tatu, babu yuko Muheza, Tanzania, na mnyama pekee jengoni ni mbwa wa jirani. Nikacheka sana, nikasema huu nitaurekebisha.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Salma alikuwa anaingia seventh grade. Kwa Wamarekani huo ni mwaka kama mingine. Kwa Mtanzania wa rika langu, darasa la saba ni kiyama: mtihani mmoja, na ukifeli ukoo mzima unajua kabla ya magharibi. Nilifahamu fika kwamba mtihani huo haupo huku. Nikamwandaa mtoto kuufanya.

Nikafuta banda na farasi, nikapanga ratiba ya vipindi nane. Kengele ilikuwa sufuria na mwiko. Nikatunga na mock, mtihani wa majaribio. Nikaweka na sheria: hakuna kusema bila kunyoosha mkono.

"Baba, it's just you and me here," Salma akasema.

"Nyoosha mkono kwanza."

Mke wangu alirudi kutoka zamu hospitalini, akaisoma ratiba ukutani akiwa bado na koti. "Baba Salma, huo mtihani ni wa kwenda Form One ya wapi? Ya hapo mji wa jirani, Crystal?"

Nikamjibu kwamba elimu haina mzaha. Naona aibu hata kuliandika jibu hilo.

Mwisho wa mwezi bibi yake Salma akatuma voice note kutoka Muheza: mjukuu wangu kawa wa ngapi? Nikaandaa ripoti, nikaichorea na muhuri. Wastani, tisini na moja. Nafasi, ya pili. Ya kwanza niliiacha wazi, asibweteke.

Salma wa zamani angetaka kujua huyo wa kwanza ni nani. Huyu aliisoma, akaikunja, akaiweka mezani.

"Okay."

Jumapili mchana tulikuwa tunakula wali na mchicha. Salma akanyoosha mkono. Akaushikilia juu, kimya, ananitazama.

"Mkono wa nini, mwanangu?" mama yake akauliza.

"May I have more mchicha?"

Mke wangu akampakulia taratibu, kisha akanigeukia. "Hongera, Mwalimu Mkuu. Shule nzima ilishindwa kumfikisha hapa. Wewe umeweza peke yako."

Sikumaliza wali wangu.

Funzo nililolipata ni hili: usirekebishe mtaala wa mwanao kwa hofu zako za utotoni. Nilimtoa mtoto katika shule iliyosifu kimya chake, nikamjengea nyingine inayokidai. Kule angalau saa tisa walikuwa wanamruhusu aende nyumbani.

Wenye watoto wa umri huu, ninyi mnachaguaje mtaala? Na walimu mlioko humu, nichapeni, nimestahili. Ila someni kwanza kilichofuata.

Jumatatu asubuhi sufuria ilirudi kupika uji. Nikachana ratiba. Nikaleta boksi la mtaala mezani pamoja na penseli, nikamwambia Salma achague mwenyewe cha kubaki na cha kuondoka. Kisha nikakaa kwenye kiti chake, nikanyoosha mkono.

Akaniacha hivyo mpaka bega likaanza kuuma.

"Yes, Baba?"

"Tuanze na nini?"

Akapekua mpaka kwenye ukurasa wa banda la farasi, ule ule niliokuwa nimeukata kwa mistari.

"Is it true horses sleep standing up?"

Sikujua. Tukaanzia hapo.