Msumari Ndani ya Injini: Safari Yangu ya Mwanza Kubadilisha Mfumo wa Moto wa Boti

Niliondoka nyumbani Ukerewe kwa hasira, wala sioni aibu kusema hivyo. Wiki moja kabla, injini ya boti yangu iligoma kuwaka nikiwa na nesi wa zahanati yetu, ambaye kila Jumanne nampeleka kisiwa cha jirani kupima wajawazito. Nilivuta kamba mpaka nikaacha kuhesabu. Upepo ukatusukuma hadi kwenye mawe, na mwanangu Masatu akaja na mtumbwi kutuokoa. Jioni ile akaniambia kwa adabu zote, "Mama, mkono wako umechoka. Niachie boti mimi."

Nina miaka sitini na mitatu. Nimefundisha sayansi mpaka nikastaafu, na boti hiyo naiendesha tangu baba yake Masatu, marehemu Mafuru, alipofariki. Nikamjibu kwamba kilichochoka ni platini, vile vidude vinavyogusana na kuachana ndani ya injini ili plagi itoe cheche. Platini zikipata unyevu, cheche inakuwa hafifu, na ziwani unyevu haukosi. Siku hizi kuna mfumo wa kielektroniki, CDI, usio na platini kabisa. Basi tukapatana: naenda Mwanza kuubadilisha, nikirudi naiwasha injini mwenyewe mbele yake. Nikishindwa, boti anaichukua yeye.

Saa mbili asubuhi nilikuwa bandarini Nansio. Injini nilikuwa nimeifunga kwenye blanketi na kuilaza juu ya mkeka, na wapagazi waliipandisha kwenye kivuko taratibu kama nilivyowaamuru. Abiria mmoja akaniinamia kwa huruma. "Pole mama. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Hajambo," nikasema, "ila hatoi cheche."

Watu walicheka, aliyeuliza akacheka kuliko wote. Ziwa lilikuwa limetulia siku hiyo. Ukifika Mwanza kwa maji unaanza kuona mawe, yamepandana juu ya vilima, nyumba zimejibanza katikati yake. Nimeyaona mara nyingi mno, lakini bado huwa nasimama kuyatazama.

Mchana nilifika mtaa wa Mirongo, injini ikiwa juu ya mkokoteni. Nilikuwa nimeelekezwa kwa fundi Shija, mtu mrefu asiye na haraka, ambaye kazi yake ni injini za boti tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sihitaji uchunguzi. Toa platini, niwekee CDI."

"Sawa mama. Ila niulize kidogo, inapiga teke?"

"Inapiga. Kamba inaniponyoka mkononi."

"Tangu lini?"

"Miaka mingi. Si unaona ni ya zamani?"

Alifungua gurudumu la sumaku lililo juu ya injini, akachungulia kwa muda mrefu, kisha akachomoa kitu kwa koleo na kuniwekea kiganjani. Kilikuwa kipande cha msumari, kimepinda.

Akanieleza polepole. Mahali pale panatakiwa kuwa na kipande kidogo cha chuma kigumu, mafundi wanakiita kii, kinacholibana gurudumu kwenye mhimili wake ili cheche ije kwa wakati. Msumari ni laini. Ukipinda, gurudumu linahama kidogo, cheche inawahi kuja, na injini inamrudishia teke anayevuta.

"Nani alikuwekea hii, mama?"

Nilimjua hapo hapo. Alasiri moja injini ilitufia katikati ya maji, mimi na Mafuru. Akaifungua, akang'oa msumari kwenye ubao wa kukalia, akaukata. "Kwa muda tu," alisema, "tufike nyumbani." Tulifika. Tukala, tukaongea mengine, na hakuna aliyekumbuka tena. Mwaka uliofuata akafariki.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikalia mbele ya watu wa Mirongo. Miaka yote hiyo nilikuwa nawahi ufukweni kabla ya wenzangu, ili asiwepo wa kunitazama nikihangaika na kamba. Nilikuwa nimejiwekea akilini kwamba nguvu zimeniisha.

Shija alinisubiri mpaka nikafuta uso. "Mama, nikikuwekea kii mpya, huenda hata hiyo CDI usiihitaji."

Hapo ualimu ukanirudia. "Tutabadilisha kimoja kimoja," nikasema. "Kesho weka kii, platini zibaki. Tuipime. Halafu weka CDI, tuipime tena. Na kamba nitavuta mimi."

"Hiyo ni kazi mara mbili. Na kuvuta niachie mimi, nimezoea."

"Ikiwaka kwa mkono wako, mimi inanisaidia nini?"

Jioni nilikuwa Butimba kwa Perpetua, tuliyesoma naye chuo cha ualimu huko huko. Alinipikia sato na ugali, akasikiliza habari ya msumari bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kwa hiyo umemkasirikia Mafuru?"

"Nimemkasirikia sana."

"Na bado unampenda."

"Hilo nalo ni swali?" Perpetua akaniongezea mboga.

Asubuhi ya pili tuliifunga injini kwenye pipa la maji. Kwa kii mpya na platini zile zile, iliwaka mvuto wa nne, wala haikupiga teke. Nilifurahi, lakini sikuishia hapo. Niliizima, nikamwambia Shija afungue, nikachovya kitambaa na kukikamulia juu ya platini. Nikavuta mara kumi. Kimya. Kumbe kuhusu unyevu sikuwa nimekosea, na nilihakikisha Shija anakubali hilo kwa kinywa chake.

Akaziondoa platini, akaweka gurudumu jingine, koili zake na kile kisanduku kilichozibwa wanachokiita CDI. Mvuto wa kwanza haukuleta kitu kwa sababu nilisahau kuvuta chok, kile kitufe cha kuwashia injini ikiwa baridi. Wa pili, injini ikanguruma. Nikakamulia kitambaa kile kile juu ya kisanduku, nikavuta polepole makusudi. Ikawaka.

"Mwalimu," Shija akasema huku akicheka, "ungenifundisha wewe, ningefaulu."

"Ungefaulu au ungerudia darasa."

Siku ya tatu nilirudi na kivuko cha asubuhi. Njiani niliwaza nilichojifunza. Nilikuwa tayari kumkosoa kila mtu: mwanangu, platini, hali ya hewa. Mkono wangu tu ndio niliouhukumu bila kuupima, na nisingefunga safari, ningekabidhi boti kwa kosa la msumari.

Alasiri Masatu aliibeba injini mpaka ufukweni, akaifunga kwenye boti na kusogea pembeni. Majirani walikuwa wamejaa. Safari hii niliwaacha watazame. Nilivuta mara ya kwanza, kimya. Nikauona mkono wa Masatu ukinyanyuka kuelekea kwenye kamba, kisha akaurudisha. Nikavuta tena, injini ikapokea.

"Zima," akasema. "Washa tena."

Nikazima. Nikawasha kwa mvuto mmoja.

Aliingia majini mpaka magotini, akashika ukingo wa boti. "Nisamehe, mama. Nilidhani ni mkono wako."

"Hata mimi," nikamwambia. Sikuwa nimewahi kulitamka hilo kwa mtu yeyote nyumbani.