Hatujagusa Hata Nukta

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Kazini, mtaani, hata kwa wakwe zake walimwita Pasi, kwa sababu katika miaka yote aliyokaa mbele ya kompyuta ya lile jarida la wanawake, hakuna kunyanzi lililowahi kumshinda. Uso uletwe umechoka vipi, ukipita mikononi mwake ulitoka umenyooka kama shuka la kitanda cha mgeni. Alikuwa na chumba chake mwisho wa korido, kina pazia jeusi ili jua lisimharibie rangi, na kiti kilichochanika mgongoni ambacho hakutaka kibadilishwe. Humo alifuta chunusi, akang'arisha meno, akapunguza viuno vya watu ambao wenyewe walikuwa wameridhika navyo.

Balaa lilianza na kiwiko. Mwimbaji mmoja mwenye jina kubwa aliwekwa kwenye jalada, na Pasi, siku hiyo akiwa anakimbizwa na wachapaji, alimpunguza mkono mpaka kiwiko kikapotea. Mkono ukawa mrefu na laini, umetoka begani hadi vidoleni bila kituo. Watu walicheka mpaka wakakaukiwa na sauti. Mwimbaji mwenyewe alikwenda redioni akasema, "Sidai kitu, nirudishiwe kiwiko changu tu." Jarida likawa kichekesho cha mji.

Mhariri alikuwa mwanamke wa sauti ndogo, hakuwahi kufoka kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Aliwaita wote mezani.

"Tumechekwa," alisema. "Sasa tutasifiwa. Toleo lijalo ni la sura halisi. Namtaka mwanamke wa kawaida, mwenye alama yake usoni, na chini yake tunaandika: Hatujagusa hata nukta. Nani anamjua mtu?"

Pasi, ambaye tangu juma lile alitembea na kiwiko cha watu shingoni, akaona hapa ndipo pa kujikomboa.

"Ninaye shemeji yangu," alisema.

Shemeji huyo alikuwa mdogo wa mkewe, karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Akiwa bado anatambaa alivuta sufuria la maji ya moto, yakammwagikia shavu la kushoto mpaka shingoni. Ngozi ya hapo ilibaki nyepesi na yenye kung'aa, imejikunja kidogo karibu na taya. Aliishi na kovu lake kama mtu anavyoishi na jirani mwenye kelele: keshamzoea, na siku nyingine anamtania. "Shavu hili la wageni," alikuwa akisema, akigeuza la kulia, "na hili la wenyeji. Wewe shemeji ni mwenyeji, kaa upande huu." Tena alikuwa na mtu wake, fundi umeme mpole aliyeitwa siku moja kutengeneza taa za kliniki, na tangu siku hiyo taa zile zikawa haziishi kuharibika.

Mke wa Pasi hakulipenda wazo la jalada. "Muache mdogo wangu na maisha yake," alisema. Lakini shemeji mwenyewe alifurahi. Alikuja studio amevaa blauzi ya rangi ya chungwa, akawachekesha wote hadi mpiga picha akawa anatikisa kamera. Wakati wa kuondoka alimshika Pasi mkono.

"Nakuomba kitu kimoja tu, shemeji. Usinipige pasi. Nataka nitoke kama nilivyo."

"Nakuahidi," alisema Pasi, na wakati ule alikuwa anasema kweli.

Picha zilitoka nzuri. Mhariri alisimama nyuma ya kile kiti kilichochanika, akazipitia zote kwenye skrini, halafu akaweka kidole kwenye shavu la kushoto.

"Hili ni kovu au kivuli?"

"Ni kovu, Mhariri. Ndivyo lilivyo. Si kubwa."

"Anacheka sana. Ukimtazama unamwonea wivu. Mtu akipita kwa muuza magazeti nataka asimame, ashike kifua. Huyu atampita kama anavyompita jirani yake."

"Ndivyo alivyo," Pasi alirudia.

"Sivyo alivyo. Ndivyo taa zetu zilivyomfanya. Taa zimelifuta kovu, wewe unalirudisha mahali pake. Hiyo si kugusa. Ni kusahihisha."

Pasi alitazama mikono yake. Angeweza kusema hapana. Alichosema ni, "Kiasi gani?" Na mtu akishauliza bei, ameshaingia dukani.

"Mpaka liume," alisema Mhariri, akatoka akifunga mlango taratibu.

Pasi alichagua picha iliyopigwa kati ya vicheko viwili, pale mdomo unapoteremka kabla haujapanda tena. Akatia wekundu shavuni. Akazamisha mikunjo ya taya, moja baada ya nyingine, akaisambaza ngozi ya kovu hadi karibu na pua. Kisha akaivuta kona ya jicho chini, kidogo mno, kiasi ambacho mtu asingeweza kuweka kidole akasema ni hapa. Mkono uliozoea kufuta siku zote, ulipopewa ruhusa ya kuongeza, ulifurahi kama ndama aliyefunguliwa. Alipomaliza aliegemea kiti, akaona amefanya kazi nzuri. Ilikuwa kazi nzuri kweli.

Toleo liliisha mezani kwa wauza magazeti likachapwa tena. Watu waliandika wakishukuru kwa ukweli. Jumapili iliyofuata ukoo ulikusanyika kwa mama mkwe, jarida likiwa katikati ya meza limefunikwa na kitambaa, kama keki. Mama mkwe alilifunua mwenyewe.

Shemeji alitazama. Alikuwa na tabasamu tayari, na tabasamu lile likabaki usoni pasipo mwenyewe, kama taa iliyosahauliwa mchana. Akapeleka mkono shavuni. Akalipapasa kovu kuanzia juu hadi shingoni, akitafuta kwa vidole kile alichokiona kwa macho.

"Hivi ndivyo nilivyo?" aliuliza.

"Picha tu hiyo," alisema dada yake haraka.

"Mashine haina aibu, mwanangu," alisema mama mkwe, akidhani anafariji. "Sisi tulikuzaa, tumekuzoea. Hatuoni tena. Lakini angalia ulivyo jasiri! Nani mwingine angekubali?"

Shemeji aligeuka kwa Pasi.

"Shemeji, wewe ndiye mwenye kazi hii. Niambie mimi. Mliigusa?"

Nyumba nzima ilimtazama. Pasi alimwona mkewe, aliyekuwa amemkataza tangu mwanzo. Akamkumbuka Mhariri na sauti yake ndogo.

"Si imeandikwa pale," alisema. "Hata nukta."

"Basi," alisema shemeji. Akakikunjua kile kitambaa, akakirudisha juu ya jarida, akakinyoosha pembe zote vizuri.

Tangu hapo shemeji alianza kuyapokea vibaya maneno ya watu. Wagonjwa wa meno waliingia kliniki wakasimama mbele ya meza yake, wakasema kwa mshangao wa kweli, "Jamani dada, mbona ana kwa ana huna ubaya wowote?" Aliwashukuru, akawaona waongo. Kadiri walivyozidi kumwambia kwamba hafanani na ile picha, ndivyo alivyozidi kuamini kwamba dunia nzima imekula njama ya kumhurumia, na kwamba jarida peke yake ndilo lililothubutu kusema. Kioo nacho alikikataa. "Kioo nimekizoea," alimwambia dada yake. "Kinanidanganya kama mama." Alianza kujifunga mtandio hata wakati wa joto, na kumpa kila aliyekuja shavu la kulia tu, mpaka shingo ikawa inamuuma.

Fundi umeme alivumilia. Alimwambia nampenda mtu, sipendi picha. Siku moja akafanya kosa la kuongeza, "Na hata ile picha, kwangu mimi haina neno."

"Unaona?" alisema shemeji. "Hata wewe unajua ndiyo mimi. Unajitolea. Mimi sitaki mume wa kujitolea."

Alimrudisha mlangoni mara kadhaa, na mara ya mwisho alimwambia neno kuhusu mikono yake, kwamba inanuka waya na hakuna mwanamke mwenye uso mzima ambaye angeikubali, ndiyo maana amemkimbilia yeye. Fundi alisimama akiitazama mikono ile. Taa za kliniki hazikuharibika tena.

Habari hiyo ndiyo iliyomwangusha Pasi. Mkewe alirudi kutoka kwa mdogo wake, akakaa kitandani bila kuvua viatu, akalia. Pasi akamwambia yote, kuanzia kiwiko. Mkewe akafuta macho.

"Alikuuliza," alisema. "Mbele yetu sote. Alikuuliza wewe."

"Najua."

"Nyanyuka. Twende."

Walimkuta kwenye chumba chake, dirisha limefungwa. Pasi alibaki amesimama kama mshtakiwa. Alikuwa amechapa ile picha yenyewe, kama ilivyotoka kwenye kamera: kicheko, blauzi ya chungwa, kovu jembamba likipita shavuni. Akamkabidhi.

"Hii ndiyo wewe," alisema. "Ile nyingine niliiharibu mimi kwa mkono wangu. Niliambiwa, nikafanya. Uliponiuliza nikakudanganya. Nisamehe, shemeji."

Shemeji aliishika kwa ncha za vidole, akaisogeza karibu na taa. Aliitazama muda mrefu sana, na mke wa Pasi akaanza kupata matumaini. Kisha uso wa mdogo wake ukalainika, ukajaa huruma.

"Ah, shemeji," alisema kwa upole. "Umenipiga pasi."

"Hapana! Naapa—"

"Umeitengeneza vizuri. Hata nguo umeiwekea mwanga. Kazi yako si ndiyo hii? Kufuta?"

"Mdogo wangu, anasema kweli," dada yake aliingilia.

"Na wewe amekuleta uje umsaidie. Nyie watu mna mioyo mizuri." Akaishika picha kifuani, asiwarudishie. "Lakini msinichoshe."

Pasi alijaribu tena siku nyingine, na nyingine. Alijitolea kumpeleka ofisini amwonyeshe faili lenyewe kwenye kompyuta, hatua kwa hatua. Kila alivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuonekana mtu mwema. Mwisho alimwendea Mhariri, akataka jarida liandike ukweli. Mhariri alikuwa ametoka kupokea tuzo ya uaminifu katika habari, kioo kizito chenye umbo la jani, akawa anatafuta mahali pa kukiweka.

"Andika," alimwambia. "Halafu uwaambie ni mkono wa nani. Jina lako kamili, lile la kitambulisho. Baada ya kiwiko, unadhani nani atakupa kiti?"

Pasi hakuandika. Alirudi chumbani kwake, kwenye uso mwingine.

Shemeji aliacha mapokezi, akapata kazi ya kupokea simu za wateja wa maji, kwenye chumba kirefu kilichogawanywa kwa mbao ambamo kila mtu anatazama ukuta wake. Wanasema ana sauti nzuri kuliko wote. Jumapili bado huja kwa dada yake. Hukaa kwenye kiti kilicho mbali na dirisha, na akianza kupakua humpakulia Pasi kwanza, kipande kilicho bora, kuliko hata zamani.

"Sijakushukuru vizuri, shemeji," alimwambia juzijuzi, akimsogezea sahani. "Wengine wote waliniambia maneno tu. Wewe ulikaa ukahangaika. Ile picha uliyoniletea ninayo kitandani kwangu. Nikizidiwa naitazama, nasema, hivi kweli, ningekuwa hivi, si ningecheka mpaka mbavu ziume?"

Mke wa Pasi alikuwa mlangoni, bakuli mkononi. Alimtazama mumewe, akangoja aseme neno.

"Kula, shemeji," alisema mdogo wake. "Kinapoa."

Pasi akala.